Kitabu Kisichogeuzwa

Hinrich Ohlhoff alikwama kati ya meza ya mchungaji na kabati la vitabu, ikabidi binti yake Gesche amvute mkanda ndipo atoke.

"Baki upande wako, Hinrich," alisema Mchungaji Riemann, aliyekuwa ameketi nyuma ya meza. "Kitambi hicho hakipiti huku."

"Basi nigeuzie kitabu."

"Hiki hakigeuzwi. Kina miaka mia na ushee, mgongo wake umeachia. Kinalala kilivyolala."

Hinrich aliguna, akaketi upande wa pili, uso kwa uso na mchungaji. Gesche, ambaye hakuwa na kitambi, alipenya akasimama nyuma ya bega la Riemann.

Harusi yake ilikuwa Jumamosi. Alikuwa amechumbiwa na Tönjes Wulfers, mfuga nyuki, na siagi ya keki ilikuwa tayari. Lakini siku mbili kabla, Hinrich alikuwa amesikia kilabuni kwamba babu wa babu yake Tönjes alizaliwa nje ya ndoa. Na kila mtu pale Hollenbek alijua wachungaji wa zamani walivyowaandika watoto wa namna hiyo katika kitabu cha ubatizo: kichwa chini miguu juu, katikati ya wenzao, ili hata asiyejua kusoma aione aibu.

"Nikimkuta kichwa chini, hakuna harusi," alisema Hinrich. "Ukoo wa kichwa chini hauketi nami meza moja. Naapa mbele ya mchungaji."

"Ukoo wowote, baba, au akina Wulfers tu?" Gesche aliuliza.

"Wowote! Hata angekuwa mjukuu wa Kaizari!"

Mchungaji alifunua kurasa taratibu, akaweka kidole. "Huyu hapa. Jürgen Wulfers, mwaka 1793."

Hinrich alijilaza juu ya meza, akapinda shingo mpaka ikalia. Kwa alivyokaa, ukurasa mzima ulimjia juu chini. Alihangaika na neno moja moja: jina la baba, jina la mama, tarehe waliyofunga ndoa. Jasho likamtoka.

"Ameandikwa sawasawa na wenzake," alisema mchungaji. "Watu wa kilabuni wamekudanganya."

Gesche alifuta machozi kwa kiganja. Hinrich alikuwa mtu wa kelele, lakini hakuwa mtu wa kuvunja kiapo chake. Alijisugua shingo, akakohoa.

"Haya, mwanangu. Umepata mume." Kisha akatanua kifua. "Sasa nionyeshe wangu, Mchungaji. Nimeagiza mti wa ukoo uchorwe, mwaloni mkubwa, nitautundika ukumbini akina Wulfers wauone wakija kula. Nataka shina lake. Johann Ohlhoff, yule aliyefyeka shamba letu."

Riemann alifunua, akatazama, akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Twende tukanywe kahawa, Hinrich."

"Ondoa mkono."

"Mtu huacha kula angali ana hamu. Umeshafurahi leo, inatosha."

"Wivu huo! Nyie akina Riemann mmekuja hapa juzi tu. Ondoa mkono!"

Mchungaji alishusha pumzi, akaondoa mkono. Gesche aliinama kutazama. Papo hapo akajiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakaanza kumtikisika.

Hinrich hakumjali. Jina lilikuwa katikati ya ukurasa, na macho yake yalilifikia yenyewe. Aliketi tuli, mgongo umenyooka, mikono juu ya kitambi, akasoma kama anayesoma tangazo la serikali:

"Johann! Mwana wa Anna Ohlhoff! Amebatizwa Hollenbek!" Alipiga meza. "Mnaona mwandiko wa watu wa maana? Safi kabisa! Wa akina Wulfers ulitaka kunivunja shingo, huu hata haujanisumbua!"

"Tunaona, baba," alisema Gesche, machozi yakimtoka upya, safari hii kwa kicheko. "Ila Jumamosi sijui tukuandalie meza gani."

"Kwani nina ugonjwa? Meza ile ile ya wote!"

Mikono miwili ya mchungaji ilikuwa bado imekishika kitabu, kikiwa kimelala kama kilivyolala tangu asubuhi.

Hinrich alicheka, akashuka kusoma jina la mtoto aliyefuata chini ya Johann. Ikambidi apinde shingo.