Sahani za Profesa Lwitiko

Tangu sheria ya sahani ianze kazi, hakuna mke wala mwenyeji anayeruhusiwa kumwonjea mtu chakula. Kazi hiyo ni ya sahani. Profesa Lwitiko, mkemia, ndiye aliyebuni utando wake wa chembe za nano, laini kuliko vumbi la unga, unaogeuka zambarau ukiguswa na sumu. Na ndiye aliyeishupalia sheria hiyo mpaka ikapita.

Mchana huo mkewe alimtengea wali na maharage. Kama kawaida yake, Profesa aliitazama sahani kwanza. Nyeupe pe. Akashika kijiko, kisha akaona mikwaruzo ukingoni.

"Mama Sekela, hii umeisugua na nini?"

"Majivu na mchanga, kama masufuria yangu. Sahani zote zilikuwa zinanuka shombo."

Utando ulikuwa umekwisha; sahani hiyo ingebaki nyeupe hata ikimwagiwa dawa ya panya. Akaisukuma upande wa mkewe.

"Basi onja kidogo."

Mama Sekela akacheka, cheko la kebehi. "Miaka yote nilikuonjea, ukaenda kuwaambia watu ni ushamba. Leo unataka nivunje sheria yako?"

"Usinitanie, mwanamke!"

"Nani anakutania? Kula."

Akairudisha sahani, akavuta kiti, akaketi mbele yake na kukunja mikono. Profesa akauchunguza uso wa mkewe kama alivyozoea kuchunguza sahani. Haukubadilika rangi.