Mluzi wa Nyabuto

Sheria inataka sauti ya marehemu ifutwe katika kila rekodi. Ndiyo maana rekodi ya tamasha la roki la Nairobi, alilohudhuria Kwamboka ujanani na kaka yake Nyabuto, sasa haina ngoma, kwa kuwa mpigaji alishafariki, na umati wake umepungua.

Kila asubuhi Kwamboka huicheza jikoni, akisubiri mluzi wa Nyabuto mwishoni mwa gitaa.

“Mama, makelele hayo! Si umpigie mjomba simu?” binti yake Moraa hulalamika.

“Tangu ahamie ng’ambo hapokei. Lakini anapiga mluzi, mjinga yule.”

Leo gitaa liliisha. Kilichofuata ni ukelele wa Kwamboka akiwa msichana, peke yake.

Moraa alirudisha nyuma, akaongeza sauti.