Dawa Isiyouma

Ngwali alitoka Wete mpaka Mgogoni na mtungi wa maji begani, jua la saa sita likimchoma utosi, na hakunywa hata funda moja. Waliokutana naye njiani walimcheka. Dresa wa hospitali ya serikali, suruali kaipiga pasi, leo kageuka mchota maji!

Wacheke tu. Ndani ya mtungi mlikuwa na kopo lililozibwa kwa nta, na ndani ya kopo vidonge kumi vya kwinini. Si vile vya kumeza. Hivi vilikuwa virefu kama kokwa za tende, vimefinyangwa kwa mafuta, na huingizwa kwa nyuma vikayeyukia ndani ya mwili. Joto likivipata njiani, basi tena. Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita, kwinini imeadimika, na daktari alivitoa baada ya kuombwa na kubembelezwa siku mbili nzima.

Vilikuwa vya Mwanapili, mtoto wa dada yake, wa miaka saba. Homa ilikuwa imemng'ang'ania siku ya nne, na kila anachomeza kinarudi. Mama yake, Mwatum, alikuwa keshazika watoto watatu. Huyu ndiye aliyembakia.

"Shikamoo, kaka. Ntoto hata maji hayakai tumboni," Mwatum alimwambia mlangoni, sauti imemkauka kwa kulia.

"Marahaba. Nimekuletea dawa isiyohitaji tumbo."

Sasa hapo ndipo penye kazi. Katika mafunzo yake Unguja, Ngwali alifundishwa kutaja kila kiungo cha mwili bila kupepesa macho, na wagonjwa wake aliwatajia. Lakini huyu ni dada yake, wamelala tumbo moja, na tangu wapate akili hajatamka neno la aibu mbele yake. Mtu na dada yake, jamani! Na kumfunua mtoto wa kike yeye mjomba, hilo halifikiriki. Lazima mama mwenyewe afanye.

Akatazama ukuta. "Hivi hapewi mdomoni. Unamuwekea chini. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Kitayeyuka chenyewe, usiwe na wasiwasi. Na vilivyobaki viache ndani ya maji."

"Nimefahamu, kaka."

Ngwali alimshukuru Mungu maneno yale yamekwisha, akaaga haraka kuliko alivyoingia. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Ijumaa, baada ya sala, alirudi. Mwanapili alikuwa amekonda, macho yamezama, midomo imepasuka. Lakini alimjua mjomba wake, akamshika kidole.

"Mjomba, dawa yako haiumi."

Ngwali akacheka kwa furaha. Watoto wote aliowahi kuwatia dawa ile walipiga ukelele mpaka majirani wakakusanyika. "Wewe shujaa, Mwanapili. Ukipona nitakupeleka Wete ukale halua mpaka uchoke."

"Nyeusi?"

"Nyeusi na nyeupe."

Alisema hivyo, lakini mkono wa mtoto ulikuwa unawaka. Siku tatu za kwinini na homa haijateremka hata kidogo! Alimwita Mwatum barazani.

"Unaweka kila siku?"

"Kwa mkono wangu huu, kaka. Simwachii mtu."

"Na vinayeyuka?"

"Vyote. Hakibaki hata chembe."

Ngwali alikuna kichwa. Akampa dada yake mgongo, masikio yanamwaka moto kwa haya. "Pengine kinakaa ukingoni mno. Kisukume ndani zaidi."

"Nitakisukuma."

Jumapili asubuhi habari ikafika Wete. Mwanapili alikata roho alfajiri, kimya kimya, mama yake alipokwenda kumtilia maji.

Ngwali na shemeji yake, Hamad, ndio walioshuka kaburini kumpokea. Kafupi mno kalikuwa kale kaburi. Ngwali alilia mbele za watu, na hakujali nani anamtazama. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiilaani ile dawa, akiilaani vita, akijilaani mwenyewe kwa kutembea na kwinini mchana wa jua kali. Angetoka Wete alfajiri, labda mtoto angekuwa hai. Hakika jua ndilo lililoiua nguvu ya dawa.

Alipofika nyumbani kwa dada yake aliambiwa Mwatum anamtaka. Wanawake waliokaa naye matangani wakampisha, akaingia chumbani. Dada yake alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda cha kamba, mkono juu ya godoro, hana tena machozi ya kutoa.

"Nisamehe, Mwatum," Ngwali alisema. "Dawa ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeiharibu njiani."

"Usiseme hivyo. Wewe umetembea juani kwa ajili ya mwanangu, Mungu atakulipa. Mimi ndiye niliyekosea. Moyo wangu unaniambia nimekosea kitu."

"Hukukosea kitu, dada yangu."

"Basi tazama mwenyewe, nipate kutulia."

Mwatum alisimama kwa taabu, akaliinua godoro la usufi mpaka ukutani. Juu ya mkeka uliokuwa chini yake palikuwa na mabaka tisa ya mafuta, sita karibu na ukingo, matatu katikati.

"Hivi vya mwisho nilivisukuma ndani, pale pale alipokuwa akilalia kiuno," alisema. "Nambie kweli, kaka. Au ilikuwa niviweke upande wa kichwani?"