Mkono wa Kumbeba Nikodemo

"Mchukueni jamani, nitamwangusha!"

Glory, mke wa mtoto wa Yudith, hakuharakisha. Alisimama kizingitini na simu yake, akimtazama mama mkwe na mtoto mchanga aliyempakata kwa mkono wa kulia.

"Tulia kidogo, Mama."

"Nitatuliaje na mkono unaruka hivi?"

Tangu gogo limuue mume wa Yudith msituni Shume, mkono huo ulikuwa hauna adabu. Ulitikisika akimenya viazi, ulitikisika akisali. Majirani walishasema anajitia mgonjwa ili akwepe jembe. Na yule daktari wa Lushoto naye, kijana mpole kumbe ana maneno ya kuchoma: "Mama, mkono wako hutulia mara nyingi tu. Wewe ndiye huoni." Haoni! Yeye anayeishi nao? Yudith alilia njia nzima hadi Soni.

Na kesho ndiyo ubatizo. Kwao, mjukuu aliyepewa jina la marehemu hupelekwa mbele ya mchungaji na mjane wa marehemu mwenyewe. Mtoto ni Nikodemo, jina la mumewe. Yudith aliingoja siku hiyo kuliko mvua. Lakini amwangushe mtoto mbele ya usharika mzima? Wee! Heri ambebe bibi mwingine, mama yake Glory, yeye akae benchi la nyuma na aibu yake.

Glory akaja, akamchukua mtoto, akamlaza kitandani. Mtoto hakushtuka. Kisha akaketi kando ya mkwewe, akamwekea simu mbele ya macho.

"Nimekuchukua sasa hivi, Mama, ukiwa umempakata. Tazama mkono, uniambie unaona nini."

Yudith akatazama. Mkono ni uleule, vidole vinacheza, kichwa cha mtoto kinayumba juu yake.

"Si huo hapo! Ona unavyotikisika! Umeona mwenyewe leo, mwanangu? Bado mtasema najifanya?"

Glory akaitazama simu, akamtazama mkwewe. Machozi yakamlengalenga.

"Angalia tena, Mama. Polepole."

"Niangalie nini tena? Haujatulia hata kidogo! Mwambie mama yako ambebe yeye. Mimi basi."

Glory akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama," alisema, "hii siyo video. Ni picha tu."