Kioo cha Mzee Uwazi

Mzee Uwazi alikuwa akipapasa ukuta kama mganga anayetafuta hirizi, mapaja kayabana. Chai ya wageni ilikuwa imefika ilikofika, na mlango wa choo hauonekani.

Kosa lake mwenyewe. Ndiye aliyemwamuru msanifu majengo kwamba milango ya makao makuu mapya isiwe na vitasa wala maandishi, kuta ziteleze kama yai. "Kampuni yetu haina cha kuficha," alizoea kuhubiri, ndipo wafanyakazi wakambandika jina hilo. Wao aliwawekea kioo kipana ukumbini, kilichopanda hadi darini, wajitazame wakipita. Nyuma ya kioo hicho, ghorofani, ndiko alikojengewa ofisi: yeye awaone, wao wajione.

"Ila mzee, kioo hiki ni mnafiki," msanifu alimwonya. "Humtumikia aliye gizani."

"Basi na kinitumikie!" akacheka.

Leo ni uzinduzi, na mkata utepe ni mama mkwe, aliyemtoa binti yake kwa shingo upande. Miaka yote Mzee Uwazi alikuwa akiingoja siku hii, bibi yule akiri kwamba binti hakupotea kuolewa naye. Taa za ukumbi zilipozimwa watu watazame filamu ya ujenzi, akachomoka kwa kunyata.

Jamani, haja haijui cheo. Akasukuma hapa, ukuta. Akasukuma pale, ukuta. Mwishowe akaangukia ofisini kwake, giza totoro. Akawasha taa zote. Mezani kulikuwa na chombo cheupe cha maua, zawadi ya mama mkwe. Akayang'oa maua, akaupa mlango mgongo kwa adabu, akageukia ukuta wa kioo, na pumzi ilipomrudi akamshukuru Mola kwa sauti.

Alipoinua macho, bwana mnene alikuwa akimtazama kutoka ukutani: tai imenyooka, uso umejaa nuru. Akamkonyeza. Bwana naye akamkonyeza. Akakata kiuno kidogo.

Chini vikalipuka vifijo.

"Lo, filamu imekwisha!" Akafunga zipu, akashuka mbio.

Ukumbi mzima ulisimama kumpokea, wengine wakijifuta machozi. Mama mkwe peke yake alibaki ameketi, uso kaufunika kwa mtandio.

"Baba," akasema polepole, "kile chombo nilikuletea cha maua."