Kima Alivyomchora Mheshimiwa Ngiri

Mwaka mmoja wa ukame, Mheshimiwa Ngiri, mlinzi wa ghala la wanyama, aliyala makopa yote ya muhogo yaliyowekwa kwa ajili ya njaa. Kima, mchoraji aliyejiona bingwa wa kejeli, akakasirika. Akatengeneza katuni zinazotembea kama sinema, viongozi wote wakiwa watoto wachanga. Ngiri alivalishwa nepi, akawa anatambaa ghalani huku analia, "Nataka tena!"

Wanyama walicheka hadi wakagaragara.

"Kesho barazani atakoma," Kima akajigamba.

Kesho yake Ngiri akasimamishwa mbele ya baraza ili avuliwe cheo. Kabla hajafungua mdomo, Nyumbu akapaza sauti, "Nataka tena!" Baraza zima likaangua kicheko.

"Jamani, msameheni," akasema Tembo, mwenyekiti, akifuta machozi. "Mtoto haachi kudokoa."

Ngiri akarudishiwa funguo za ghala. Akamfuata Kima, akamkumbatia.

"Asante, ndugu yangu! Juzi waliniita mwizi, leo wananiita mtukutu. Safari ijayo nichore nanyonya, sawa?"

Kima akajinasua mikononi mwake. Alipogeuka akamkuta Mama Digidigi amesimama na kikapu kitupu.

"Kaka Kima, katuni yako tamu, hata mimi nilicheka," alisema kwa upole. "Ila wangu ni watoto kweli, na hawajala tangu juzi. Nikawaambie nini?"

Kima alitazama vidole vyake vilivyojaa rangi, kisha akavificha mgongoni.