Msiba Uliotufuta Ramanini

Kwanza nilisikia magurudumu yakikwaruza sakafu, kisha nikamwona nesi akiitoa zahanatini mashine inayosafisha damu ya mama, ambaye figo zake zimeshindwa.

“Unaipeleka wapi, dada?”

“Ramani inaonyesha mtaa huu hauna watu. Subirini hesabu ya mwakani.”

“Na mimi ni jini?”

Siku hizi mtandao wa sarafu za kidijitali ukiita, mashine ya sarafu ya kila nyumba huitika, na ndivyo tunavyohesabiwa na kuwekwa ramanini. Siku ya hesabu tulikuwa tunamzika baba. Majirani wote walizima mashine zao kwa heshima, kama tunavyozima redio msibani.

Mama, aliyelala kitandani kando yangu, alinishika mkono. “Usimfokee, Shebe. Nikifa, mashine za sarafu zisizimwe. Wagonjwa wenzangu watahitaji zahanati.”

Hasira yote ilinitoka.

“Nakuahidi, mama. Siku yako zitaitika zote.”